Bomba la Gesi Kwenye Gari la Kambi: Kuitambua Kazi ya Fundi Hodari

Magari ya kambi, yale ya Ulaya na Marekani yenye kitanda na jiko ndani, hutikisika kila yanapotembea, kwa hiyo mabomba yake ya gesi hayahukumiwi kama ya jikoni nyumbani. Wengi husifu mng'ao wa shaba na kona zilizonyooka. Kwangu, fundi hodari ni yule aliyejenga akijua kwamba iko siku kiungo kitavuja. Gesi yenyewe, propani, inamlazimu afikiri hivyo: ina uzito wa takriban mara moja na nusu ya hewa, basi ikivuja hutambaa sakafuni na kujikusanya chini ya kitanda, na ikishafika kama asilimia 2 ya hewa, cheche ndogo ya swichi yatosha kuilipua. Anza kukagua chini, basi. Kabati la mtungi liwe limezibwa kabisa upande wanakolala watu, na sakafu yake iwe na tundu wazi la kutolea gesi nje, mbali na ekzosi. Kisha fuata bomba kwa kidole ukihesabu viungo. Bomba moja lililokunjwa bila kubonyea ni bora kuliko vipande vitatu vilivyoungwa kwa ustadi, kwa kuwa kila kiungo ni mahali pengine pa kuvujia. Linapopenya bati livalishwe mpira, la sivyo mtikisiko utaifanya kingo ya bati iikate shaba taratibu. Tazama pia ncha ya bomba iliyotanuliwa ili ikazwe na nati. Hapo metali hubana metali. Ukikuta utepe wa kuziba, jua fundi hakuielewa kazi.

Wapo wasemao povu la sabuni latosha kugundua uvujaji, tena kuna harufu na king'ora. Povu huonyesha tu viungo unavyovifikia. Kipima shinikizo hupima njia nzima: funga mtungi, subiri dakika kadhaa, uone kama mshale unashuka. Harufu hutiwa makusudi kwa sababu propani haina harufu yake, lakini aliyelala fofofo huenda asiisikie. King'ora nakiunga mkono kwa moyo wote, ila kikae karibu na sakafu; kilichofungwa darini kinamuumbua aliyekifunga. Na fundi anayekataa kupima shinikizo mbele yako, usimlipe.