Tarakimu ya Tatu ya Lord Rayleigh

Mpe mwanafunzi kikokotoo agawanye gramu 2.3102 kwa lita 1.8, atakuletea 1.2834444 bila kupepesa macho. Kikokotoo hakina haya. Aliyepima ujazo akaandika 1.8 hajui kama chombo chake kina lita 1.76 au 1.84, kwa hiyo densiti anayoweza kuitetea ni gramu 1.3 kwa lita, basi. Tarakimu zilizobaki ni porojo.

Namba hizo zinakaribia zile za Lord Rayleigh, mwanafizikia Mwingereza aliyekuwa akipima densiti za gesi katika maabara ya nyumbani kwake, Terling, huko Essex. Kazi yenyewe ukiitaja ni nyepesi: toa hewa yote ndani ya tufe la kioo, pima uzito, jaza gesi, pima tena. Ugumu uko kwenye miligramu. Hewa ya chumbani hulibeba tufe kama maji yanavyobeba boya, na ubebaji huo hubadilika kila joto na unyevu vinapobadilika. Rayleigh akaning'iniza upande wa pili wa mizani tufe jingine la ujazo karibu uleule, hewa ikifanya lolote iyafanyie yote mawili. Wakati wa kujaza, tufe lilizungushiwa barafu ili gesi iwe kwenye nyuzi sifuri. Kisha akagundua jambo ambalo Regnault, bingwa wa Ufaransa katika fani hiyo, hakuwa amelihesabu: tufe lisilo na hewa ndani hubanwa na hewa ya nje, likasinyaa kidogo sana. Sahihisho lake halikufika hata miligramu moja. Alilifanya.

Sasa naitrojeni. Ile aliyoipata kwa kuondoa oksijeni hewani ilijaza tufe kwa gramu 2.310 hivi, iwe ameiondoa kwa shaba ya moto au kwa chuma. Ile iliyotengenezwa kwa kemikali ilikuja kama gramu 2.299. Miligramu 11 tu. Kwa densiti ni gramu 1.257 na 1.251 kwa lita. Kwa mpimaji wa tarakimu mbili, zote ni 1.3 na hakuna habari. Mpimaji wa tarakimu tatu angepata 1.26 na 1.25, tofauti iko kwenye tarakimu ya mwisho, pale ambapo kila mtu hutarajia makosa, naye angechukua wastani akalale. Rayleigh hakuwa na nafasi hiyo. Vipimo vyake vya naitrojeni ya hewani vilipishana kwa sehemu ndogo ya miligramu, kwa hiyo pengo la miligramu 11 lilikuwa mara nyingi zaidi ya kosa lolote alilojijua nalo.

Ninachokipenda zaidi ni hatua iliyotangulia. Mwanzoni, alipotengeneza naitrojeni kwa amonia pamoja na hewa, tofauti ilikuwa kama sehemu moja tu kati ya elfu. Mwingine angehangaika kuifuta. Yeye alijaribu kuikuza: akaweka oksijeni tupu mahali pa hewa, ili naitrojeni yote itoke kwenye amonia, na tofauti ikapanda hadi sehemu moja kati ya mia mbili. Mwaka 1892 alikuwa ameandika barua kwa jarida la Nature kuomba wanakemia wamsaidie mawazo.

Mwanakemia William Ramsay alijiunga naye. Akapitisha naitrojeni ya hewani juu ya magnesi ya moto, mara nyingi, mpaka ikabaki gesi nzito isiyotaka kuungana na chochote. Ndiyo agoni, iliyotangazwa Agosti 1894, na ni karibu asilimia moja ya hewa tunayovuta.

Kumbe iliwahi kuonekana. Mwaka 1785 mwanakemia Henry Cavendish alichoma naitrojeni ya hewani kwa cheche za umeme hadi kikabaki kiputo kisichochomeka. Akakipima, akaandika kwamba hakizidi sehemu 1 kati ya 120 ya naitrojeni yote. Kiputo hicho kilikaa vitabuni zaidi ya miaka mia moja, kipimo chake kikiwa karibu na ukweli.