Tanuri Lililodhaniwa Kupenda Baridi

Wayeyusha chuma wa Uskoti na Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 19, waliamini kwamba tanuri hupenda baridi. Waliona majira ya baridi yakiwapa chuma kingi na kizuri kuliko kiangazi, wakakata shauri kwamba hewa ya kupulizia iwe baridi kadiri inavyowezekana. Wengine walipaka matangi ya hewa rangi nyeupe ili jua lisiyapashe. Walichokiona kilikuwa kweli, ila sababu waliikosea. Hewa ya kiangazi hubeba unyevu mwingi, na unyevu ukiingia tanurini hula joto.

James Beaumont Neilson alikuwa msimamizi wa kiwanda cha gesi mjini Glasgow, si mtu wa chuma, na pengine ndiyo maana imani ile haikumfunga. Mwaka 1828 alipata hataza ya kupasha hewa kabla haijaingia tanurini. Majaribio yalifanyika kwenye matanuri ya kiwanda cha chuma cha Clyde.

Twende kwenye hesabu. Mwaka 1829, kwa hewa baridi, tani 1 ya chuma ghafi ilikula tani 8 za makaa ya mawe. Mwaka uliofuata hewa ilipashwa hadi nyuzi 150 hivi za Selsiasi, makaa yakashuka hadi tani 5 na ushei. Kufikia 1833 hewa ilikuwa imepita nyuzi 300, na makaa ni tani 2 na robo. Ukijumlisha hata yale ya kupashia hewa yenyewe, hayafiki tani 3. Si upepo peke yake uliofanya hivyo: joto lilipopanda, makaa mabichi yaliweza kutumika bila kuchomwa kwanza kuwa koki, na uchomaji ule ulikuwa ukipoteza makaa mengi. Tena mashine ileile ya mvuke iliyokuwa ikipulizia matanuri 3 sasa ilitosha matanuri 4.

Inakuwaje uchome makaa nje ili uokoe makaa ndani? Karibu sehemu nne kwa tano za hewa ni naitrojeni. Haiungui wala haisaidii kuyeyusha, lakini lazima ipashwe, na ikiingia baridi hupashwa kwa makaa bora pale pale mdomoni mwa mrija wa kupulizia, mahali ambapo joto kali linahitajika kuliko popote. Nje unaweza kuipasha kwa makaa hafifu. Edward Cowper, mwaka 1857, alileta majiko ya matofali ya kuhifadhi joto, na gesi ya tanuri lenyewe ikawa mafuta yake. Siku hizi upepo wa matanuri makubwa hupita nyuzi 1,000, na sehemu kubwa ya feleji duniani huanzia hapo.

Huenda wazo hilo halikuanzia Uskoti. Mkoani Kagera, Tanzania, wazee wa Kihaya walijenga tena tanuri la jadi miaka ya 1970 mbele ya watafiti. Mirija ya udongo ya mivukuto ilisukumwa ndani kabisa ya tanuri. Watafiti hao, Peter Schmidt na Donald Avery, walieleza mwaka 1978 kwamba hewa ilipata moto ikipita humo, na kwamba wahunzi wa eneo hilo walikuwa na ufundi huo zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Wapo wataalamu waliobisha kwamba mrija hauwezi kupasha hewa kiasi hicho. Mimi naona ubishi huo ni wa kiwango cha joto tu. Mrija uliozama motoni hauwezi kupitisha hewa ikabaki baridi.

Viwanda vyetu vya nondo havina tanuri la Clyde, lakini vingi vina tanuri la kupashia vyuma kabla ya kuvipitisha kwenye rola, na tanuri hilo lina bomba la moshi, ambamo hupotea joto ambalo lingeweza kupasha hewa yake. Mwenye kiwanda apime kwanza joto la moshi unaotoka pale, ndipo aende kulalamikia bei ya mafuta.