Chemirocha: Santuri na Ubunifu wa Wasichana wa Kipsigis
Mwaka 1950, huko Kapkatet, katika nchi ya chai ya Kericho, Hugh Tracey alirekodi wimbo wa Chemutoi Ketienya na wasichana wenziwe. Anayeimbwa humo ni Chemirocha, jina lililotoholewa kutokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huko. Kwa maelezo ya Tracey, kiumbe huyo ni nusu mtu, nusu swala.

Aghalabu wimbo huu husikilizwa leo kwa hamu ya yaliyopita, kana kwamba ni mshangao tu wa wanakijiji mbele ya gramafoni. Mtazamo huo una upungufu. Kuiumbia sauti mwili, kuipa jina linalotamkika Kikipsigis, kisha kuialika ngomani, ni kazi ya ubunifu. Santuri, ambayo ni bidhaa, imegeuzwa mgeni, na mgeni hufuata desturi za mwenyeji wake.

Nakala za rekodi hizo ziliporudishwa kwa Wakipsigis katika muongo wa 2010, kilichorudi kilikuwa utunzi wao wenyewe. Mhakiki wa fasihi simulizi hana budi kuanzia kwa watunzi hao, ndipo amtaje Rodgers.