Njiti Ishirini na Nane

Mzee huyu, fundi wa baiskeli chini ya mwembe, hafungui kazi kwa supana. Huipindua baiskeli, akaikalisha juu ya kiti chake na usukani, akalisukuma gurudumu kwa kidole kimoja, kisha akageuza uso kutazama barabara ya uwanja wa ndege kana kwamba ana shughuli nyingine. Anayemjia mara ya kwanza hudhani amepuuzwa. Wenyeji wa Kiembe Samaki, Unguja, wanajua kuwa hapo kazi imeshaanza: anasikiliza. Gurudumu lenye gololi nzima huzunguka kimya. Lililoingia mchanga huguna. Na lenye njiti iliyolegea hutoa mlio mdogo, mara moja kila mzunguko, mahali pale pale.

Siku niliyompelekea baiskeli yangu aliishika chini ya bomba la juu kwa vidole viwili, akaiinua, akaishusha. Nilingoja aisifu. "Kitu chepesi kina deko, mwanangu," akasema. "Lazima ukijue."

Ni baiskeli ya milimani, ya mashindano, ile aina ambayo vijana wanaiita haditeli: shokapu iko mbele tu, nyuma ni fremu tupu isiyo na springi wala kiungo. Fremu yake ya alumini, magurudumu ya inchi 29, uzito kilo kumi na ushei. Ilishuka na kontena la mitumba, imefungwa kamba pamoja na majokofu na viti vya watoto, na gurudumu la nyuma lilikuwa limepinda hata tairi linasugua fremu. Aliyeniuzia alinishauri nitafute ringi mpya. Mzee alinitaka nikae.

Nikakaa, na nikaona kazi ambayo siku hizi watu hawaioni hata ikifanyika mbele yao.

Alitoa kisupana chake cha njiti, kidogo kinafichika kiganjani, kimelika pembe kwa miaka ya kutumika. Kabla ya kukaza chochote alizibana njiti mbili mbili kwa kidole gumba na cha shahada, akilizungusha gurudumu taratibu, akimaliza upande mmoja ndipo aje wa pili. Hakuandika kitu. Alipofika tena kwenye valvu alikuwa anajua ipi imelegea na ipi imebeba mzigo wa mwenzake. Katika gurudumu la nyuma, njiti za upande wa gia hukazwa kuliko za upande wa pili, kwa sababu zimesimama wima zaidi ili kuyapisha meno ya cheni. Gurudumu la mbele lenye breki ya diski ni kinyume chake, upande wa kushoto ndio unaobeba. Asiyelijua hilo atakaza pande zote mbili sawasawa kwa nia njema kabisa, na ringi itahama katikati asijue imehamishwa na nini.

Kisha akaanza. Robo mzunguko hapa, nusu pale, na kila alipokaza aligonga njiti kwa ukucha akaitegea sikio. Alizitafuta sauti zile kama mpiga ganuni anavyozitafuta nyuzi zake kabla waimbaji hawajasimama. Palipokuwa pamepinda nilitazamia aikaze njiti ya pale pale. Hakuigusa. Alilegeza mbili za jirani kwanza. "Iliyolegea ina sababu," akaniambia bila kuinua kichwa. "Ukiikaza peke yake utaikata. Mtazame nani kamzidi nguvu." Jua lilihama, tukahamia upande wa pili wa mwembe, watu wakaja na pancha zao wakaambiwa wangoje. Alipomaliza aliweka ukucha karibu na ringi, karibu kiasi kwamba karatasi ingepita kwa taabu, akalizungusha gurudumu, na ukucha haukuguswa.

Njiti 28 tu. Raleigh za Nottingham walizopanda babu zetu wakati wa ulinzi wa Mwingereza zilikuwa na njiti 32 mbele na 40 nyuma, chuma kitupu, breki za kuvutwa kwa vyuma vilivyopita juu ya gurudumu, na uzito wa kukaribia kilo 20. Baada ya Mapinduzi ya 1964 zikatamba Phoenix za Shanghai, umbo ni lile lile na ustahamilivu ni ule ule. Zilibeba magunia, majani ya ng'ombe, vikapu vya samaki, na mabibi harusi pia walibebwa. Baiskeli ya namna hiyo huvumilia fundi mbovu. Njiti moja ikikatika katika 40, zilizobaki hugawana kazi yake na mwenye baiskeli hajui mpaka mwezi upite. Lakini ukipunguza njiti, ukapunguza unene wa ringi, ukapunguza chuma chote kisicho na kazi, kila kilichobaki kinabeba zaidi. Ndiyo maana naona ni msiba kwamba baiskeli hizi nyepesi zimetufikia wakati huu, zinapomhitaji fundi wa kweli kuliko babu zake walivyohitajiwa na Raleigh, na fundi wa kweli ndiye anayetutoka.

Mchezo wenyewe wa baiskeli za milimani ulizaliwa mikononi mwa mafundi. Oktoba 1976, huko Marin, California, vijana waliokota baiskeli nzito za kabla ya Vita Vikuu vya Pili, za Schwinn, wakaanza kushindana kuteremka mlima kwa njia ya vumbi. Breki zilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, za kukanyaga pedali kinyumenyume, na mteremko ulikuwa mkali hata grisi ikachemka ikatoka moshi. Kila baada ya mteremko walilazimika kukifungua kitovu na kukipaka grisi upya, vinginevyo hakuna mteremko wa pili. Mwaka uliofuata mmoja wao, Joe Breeze, akaunda fremu mpya mahsusi kwa kazi ile. Miaka 20 baada ya moshi ule, baiskeli ya milimani ikaingia Olimpiki ya Atlanta ya 1996. Leo mashine za mashindano zina bei ya gari, na watu wanazipanda bila kujua ekseli inafunguliwa upande gani.

Jirani zetu walilielewa jambo hili mapema. Huko Mai-a-Ihii, Kikuyu, nje ya Nairobi, David Kinjah na klabu yake ya Safari Simbaz wamelea vijana ambao hujifunza kufungua na kufunga baiskeli kama wanavyojifunza kuipanda. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyekuja kushinda Tour de France mara 4, alipita mikononi mwa Kinjah akiwa mtoto. Rwanda nayo ilimpeleka Adrien Niyonshuti kwenye mbio za baiskeli za milimani za Olimpiki ya London ya 2012. Ndiye aliyebeba bendera ya nchi yake siku ya ufunguzi, na akamaliza wa 39. Nafasi ya 39 haisikiki kuwa kubwa kwa asiyejua kwamba wengi huondolewa njiani kwa kuachwa mno na wa mbele. Na mwezi Septemba 2025 Kigali ikapokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika. Nilipoona barabara zile za vilima zimejaa watu nilifurahi kwa dhati, na nikaona wivu.

Maana Unguja haikunyimwa njia. Watu husema kisiwa ni tambarare, na kweli Masingini, kilele chetu, hakifiki hata mita 150. Lakini tunao uwanda wa mawe. Ukitoka Kiembe Samaki ukashika barabara ya Fumba, ukaiacha lami ukaingia vijia vya kuelekea Kombeni au Bweleo, unakutana na mawe ya matumbawe ya kale, makali, yenye matundu, yamejificha chini ya majani makavu, na baina yake mchanga unaomeza gurudumu. Hapo ndipo haditeli inapomfunza mtu. Ukiikalia kama kiti cha sebuleni, kila jiwe litakuingia uti wa mgongo, kwa kuwa nyuma hakuna cha kulipokea. Unasimama juu ya pedali zilizolingana, magoti yamelegea, viwiko vimetoka nje, baiskeli inacheza chini yako na kichwa chako kinabaki palepale. Miguu ndiyo springi. Macho hayalitazami jiwe ulilolifikia, yanatazama la tatu mbele yake. Na ukikanyaga kwa nguvu kupanda, nguvu yote inakwenda kwenye cheni, hakuna springi ya kuila njiani. Raha ya kuisikia baiskeli ikiruka mbele kwa kila kanyago sijui niielezeje kwa asiyewahi kuipanda.

Upepo wa tairi peke yake ni elimu. Vijana wetu hupiga pampu mpaka tairi linalia kama jiwe, wakiamini gumu ndilo lenye mbio. Kwenye lami wana haki kidogo. Kwenye uwanda tairi gumu hurukaruka juu ya kila jiwe na kumchosha mpandaji, na mchangani huzama. Mzee alinitolea upepo kwa kubonyeza valvu, akisikiliza na kubinya, akabinya tena, mpaka nikaingiwa na wasiwasi. Nilipofika mchangani tairi lilitanuka likapita juu.

Kisha kuna bahari. Hapa hakuna pahala pa kuikimbia chumvi. Alumini na chuma vikikaa pamoja katika hewa hii huungana, skrubu huganda, na bomba la kiti hung'ang'ania ndani ya fremu hata nyundo haina la kufanya. Dawa yake ni grisi, na kulichomoa bomba kila baada ya muda, kulifuta na kulirudisha. Kazi ya dakika chache. Nimeona fremu ambazo mafundi wa Ulaya walizichomelea kwa ustadi mkubwa zikitupwa jaani kwa ajili ya kukosa grisi ya ukubwa wa kunde, na kila nikiziona moyo unaniuma.

Uzembe huo ndio unaonitia uchungu kuliko umasikini. Masikini wa zamani aliifuta baiskeli yake kila jioni kwa kitambaa chenye mafuta, akaifunga ndani alipolala. Sasa kontena linafunguliwa, mashine nzuri zinamwagwa chini moja juu ya nyingine, breki za diski zinapinda zikilaliwa na mizigo, shokapu zinang'olewa na kubadilishwa uma wa chuma kwa kuwa hakuna wa kuzifungua kuzisafisha. Nimeona fremu imetobolewa kwa drili ili ipachikwe kibebeo. Simlaumu anayehitaji kubeba mkate asubuhi. Namlaumu aliyekuwa na wasaa wa kujua na hakutaka kujua.

Na njia zenyewe zinakwisha. Vijia vya mchanga tulivyopita tukienda Chukwani na Buyu vimekatwa na kuta za viwanja. Uzio unajengwa leo, kesho kijia kinaishia ukutani, na hakuna anayeuliza watu walikuwa wakipitia wapi. Barabara kubwa imekuwa ya magari na bodaboda, na mzazi mwenye busara hawezi tena kumruhusu mtoto kuingia na baiskeli saa za skuli. Mtoto asiyekua juu ya baiskeli hatakuwa fundi wake, hilo halihitaji mtabiri.

Mzee aliwahi kuwa na vijana watatu chini ya mwembe huu. Walijifunza kuziba pancha, wakajifunza kufunga cheni, na walipofika kwenye njiti subira iliwaishia. Wawili wanaendesha bodaboda, na wa tatu anauza vioo vya simu Darajani na anaendelea vizuri. Hakuna aliyekosea, maisha yana madai yake. Lakini hivi karibuni alikuja mpandaji kijana na haditeli nzuri kuliko yangu, ringi nyepesi, njiti tatu zimekatika, na alipoambiwa aiache mpaka kesho akaondoka nayo. Baadaye nikamwona na gurudumu la dukani, zito, la chuma, amelipachika kwenye fremu ile. Anasema baiskeli imekuwa mbovu.

Njiti alizozitaka zilikuwepo. Nyuma ya kiti cha mzee kuna makopo ya maziwa ya unga, na ndani yake njiti alizozitoa moja moja kwenye magurudumu yaliyokufa, zimesafishwa, zimepangwa kwa urefu. Gurudumu la inchi 26 hutaka njiti ya sentimita 26 hivi, la 29 hutaka ya sentimita 29 na ushei, na katika huo ushei milimita mbili ni nyingi: ikizidi itatoboa mpira, ikipungua haitashika nati yake vya kutosha. Makopo hayana maandishi. Anatia mkono akatoa anayoitaka. Nilimwomba aniruhusu niandike namba juu ya kila kopo, maana yeye ni mtu mzima na mimi naogopa. Alikubali, kwa sharti kwamba kwanza nijifunze kuzipima kwa mkono. Namba, alisema, zitafutika kwa grisi mwezi wa kwanza tu.