Kompyuta inayosoma ishara haijaijua lugha ya mikono ya Eastlands

SAFU hii imezoea kushughulikia maneno. Leo hebu tuiache midomo ipumzike, tuiangalie mikono.

Kijana wa Buruburu, Kayole au Dandora aliye na kipakatalishi, kamera ndogo na projekta ya kukodi anaweza siku hizi kuugeuza ukuta wa ukumbi wa mtaa kuwa turubai hai. Ukiinua mkono, rangi zinapanda. Ukifumba ngumi, picha inasambaratika. Ukipunga, ndege wanaruka. Programu za kuundia kazi za aina hii nyingi hutolewa bure. Processing, iliyoanzishwa na Casey Reas na Ben Fry mwaka wa 2001, iliwalenga wasanii wasio wahandisi. Nayo p5.js, iliyoasisiwa na Lauren Lee McCarthy mwaka wa 2013, huendeshwa ndani ya kivinjari cha kawaida cha intaneti. Kwa hivyo, swali kwa msanii wa Eastlands si tena kama anaweza. Swali ni hili: kazi yake itazungumza lugha ya nani?

Nauliza hivyo kwa sababu ishara nazo ni lugha, na lugha ina wenyewe. Msanii anayezichukua ishara zilizofungashwa pamoja na programu bila kuzihakiki, ataunda kazi inayozungumza kigeni katika mtaa aliozaliwa.

Tuanze na namna mashine inavyosoma. Mfumo mmoja unaotumiwa sana ni MediaPipe wa kampuni ya Google. Mfumo huu hauoni mkono kama wewe na mimi tunavyouona. Huutafutia alama 21: moja kwenye kifundo na nne kwa kila kidole. Kisha programu hupima umbali kati ya alama hizo. Ncha ya gumba ikikaribiana na ya kidole cha shahada, mashine husema umebana. Ncha za vidole zikirudi karibu na kiganja, husema umefumba ngumi. Hapo msanii ndipo huingia: huamua kwamba umbali ukipungua duara nalo lipungue, au mkono ukienda kulia rangi igeuke. Kazi yote, hata iwe ya kupendeza vipi, imekalia maamuzi kama hayo.

Mfumo huohuo huja na kitambuzi kilichofunzwa tayari ishara saba: ngumi, kiganja kilicho wazi, kidole kimoja juu, gumba juu, gumba chini, vidole viwili, na mkono ambao katika lugha ya ishara ya Marekani humaanisha "nakupenda". Saba tu! Mtoto wa chekechea ana nyingi kuliko hizo. Halafu yaangalie majina yenyewe. Vidole viwili vimebatizwa "ushindi".

Ushindi upi, jamani? Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hapa nchini, kidole kimoja kilikuwa saluti ya KANU, chama kilichotawala peke yake. Vidole viwili vilikuwa dai la vyama vingi. Kuviinua hadharani hakukuwa mzaha. Na uwanja wa Kamukunji, ulipoitishwa mkutano wa Saba Saba wa Julai 7, 1990 ambao serikali iliupiga marufuku, umo Eastlands, hatua chache kutoka Shauri Moyo na Gikomba. Mtu aliyekuwa kijana mtaani humo siku hizo akiingia ukumbini leo, akainua vidole viwili na kuona maua yakichanua ukutani, ana haki ya kuuliza kama aliyeunda kazi hii anajua alipo.

Hapo kuna kasoro, lakini pia kuna fursa. Msanii anayejua historia hiyo angeanzia papo hapo: kidole kimoja kiujaze ukuta mzima rangi moja, tulivu, isiyotikisika, cha pili kikiinuka, rangi zigawanyike na kuanza kushindana. Ishara ni ileile, kamera ni ileile na alama ni zilezile 21. Kilichobadilika ni kwamba kazi imepata kumbukumbu ya mahali ilipo.

Sasa tutoke Kamukunji, tupande matatu. Ukitaka kamusi ya ishara za Nairobi, panda namba 58 ya Buruburu au 36 ya Dandora, umtazame makanga. Kwa vidole anatangaza nauli kwa watu walio ng'ambo ya barabara wasioweza kumsikia. Kwa kiganja anaipiga bodi ya gari, na dereva anajua kama ni kusimama au kuondoka. Magari mawili yanapopishana, mikono ya madereva husimuliana kama polisi wapo mbele. Hakuna neno lililotamkwa, na bado habari imefika. Haya yote ni mawasiliano yenye kanuni, na asiyezijua kanuni hizo hubaki kituoni.

Wataalamu wa isimu wamelishughulikia jambo hili kitambo. Mwaka wa 1977, Chet Creider alichapisha uchunguzi wake wa ishara za Afrika Mashariki, akitumia mifano ya jamii za hapa Kenya, wakiwemo Waluo na Wakipsigis. Mwaka wa 1985, Carol Eastman na Mswahili msomi Yahya Ali Omar walichapisha makala kuhusu ishara za Waswahili, wakiangazia zile zinazoandamana na vielezi na viingizi. Tunaposema mtungi umejaa pomoni, au mtu ameanguka pu, mara nyingi mkono husema pamoja na mdomo. Wakati mwingine mkono humaliza sentensi peke yake.

Chukua mfano wa kimo. Katika jamii nyingi zetu, ukionyesha urefu wa mtoto, unasimamisha mkono, vidole vikielekea juu. Kiganja kilicholazwa ni cha kuonyeshea kimo cha mbuzi au ndama. Mzee atakukemea ukimpimia mtoto wake kama mifugo, ati unamzuia kukua. Kwa mashine iliyoamriwa kuangalia tu mkono uko juu kiasi gani, ishara hizi mbili ni kitu kimoja. Kwa mzee, moja ni baraka na nyingine ni tusi. Ajabu ni kwamba mashine inaweza kabisa kuzitofautisha, kwa sababu alama 21 zinaonyesha vizuri kama vidole vimesimama au vimelala. Ni msanii ambaye hakuiuliza. Na wale wanaoelekeza mahali kwa kusukuma midomo mbele? Kamera inayotazama mikono pekee haitawaona kamwe.

Eastlands ina utajiri wa pekee katika suala hili. Mitaa kama Kaloleni, Makongeni, Bahati na Maringo ilijengewa wafanyakazi wa jiji na wa reli waliotoka pembe zote za nchi, kila mmoja akaja na lugha yake na mikono yake. Mchanganyiko huo umewashughulisha sana watafiti wa Sheng, akiwemo Chege Githiora katika kitabu chake cha 2018. Lakini wengi wetu tumeyaokota maneno ya mitaa hiyo tukayaacha matendo ya mwili. Tunajua "kugota" ni kusalimiana kwa ngumi. Je, nani ameandika ni ngumi ipi hutangulia, ni lini mkono hupelekwa kifuani baadaye, na ni nani hagotewi kwa sababu ya heshima?

Salamu hiyo inanileta kwenye kiini cha uhakiki wangu. Kitambuzi cha ishara saba kinaijua ngumi. Lakini kugota si ngumi. Kugota ni ngumi mbili za watu wawili kukutana. Ni tendo la kutendana.

Wanafunzi wa sarufi wanajua kwamba kitenzi cha Kiswahili hubeba uhusiano wa watendaji ndani ya mwili wake. Kiambishi "-an-" kikiingia, piga huwa pigana, penda huwa pendana, jibizana haiwezi kuwa ya mtu mmoja. Wengi huita sanaa hii "shirikishi". Sina ugomvi mkubwa na neno hilo, ila kushirikisha ni kauli ya kutendesha: kuna mwenye mamlaka anayekuruhusu uingie. Wengine hutumia "mtagusano", ilhali hapa mkono uko hewani, haugusi chochote. Mimi napendekeza tuiite sanaa ya majibizano, jina litakalotukumbusha kipimo cha kuihakikia: je, kweli kuna kujibizana?

Kazi nyingi hazifiki hapo. Unapunga, ndege wanaruka. Unapunga tena, wanaruka tena. Huko si kujibizana, ni kubonyeza swichi iliyofichwa hewani. Fanani wa ngano zetu alikuwa mbele kuliko hivyo. Akisema "Paukwa!", hadhira iliitika "Pakawa!", na kama mwitiko ulikuwa mchovu, alibadilisha sauti, akafupisha, akamtania aliyesinzia. Hadhira iliigeuza kazi.

Nitatoa mfano wa kazi ya kigeni iliyoelewa jambo hili. Mwaka wa 1999, Camille Utterback na Romy Achituv waliunda Text Rain. Mtazamaji hujiona kwenye skrini huku herufi zikimnyeshea kama mvua. Zikikuta kitu cheusi kuliko kiwango fulani cha mwanga, iwe kichwa, mkono au mwavuli, hutua juu yake. Ukivumilia na mikono ikiwa imenyooshwa, utakinga neno zima, pengine fungu la maneno ya shairi. Nguvu ya kazi hii ni kwamba haina orodha ya ishara. Haimwambii mtu ainue gumba. Kila mwili huja na mbinu zake, na watu wasiojuana huishia kushikana mikono au kutandaza nguo ili wakinge pamoja.

Hebu ifikirie kwa Kiswahili, katika ukumbi wa Kaloleni. Badala ya herufi, zinyeshe silabi na viambishi: wa-, tu-, -na-, -li-, -ku-, pamoja na mizizi kama -pend-, -jib-, -pig-. Mtoto mmoja anakinga "tu-", mwenzake "-na-", watatu "-pend-". Kisha tuweke sharti moja: "-an-" haianguki mpaka viganja vya watu wawili vikaribiane. Anayecheza peke yake ataunda "napenda" mpaka achoke. Wakiwa wawili, "tunapendana" inawezekana, na "tunapigana" pia, wachague wenyewe. Sarufi ambayo darasani huwafanya wanafunzi wapige miayo ingekuwa ndiyo injini ya mchezo. Kazi hiyo haiwezi kutafsiriwa kwa Kiingereza, kwa sababu imejengwa kwa mifupa ya Kiswahili.

Wala tusidhani kwamba umeme ndio unaoleta majibizano. Kundi la Wajukuu Art Project kutoka Lunga Lunga, Mukuru, lilialikwa katika maonyesho ya documenta huko Kassel, Ujerumani, mwaka wa 2022, na mwaka huohuo likatunukiwa Tuzo ya Arnold Bode. Kwenye lango la ukumbi mmoja mkubwa, walijenga njia ya giza kwa mabati, vitu vinavyojulikana na kila mkazi wa mtaa wao. Mgeni alilazimika kupita humo kwa mwili wake kabla ya kuona kingine chochote. Hawakuazima lugha ya huko walikoalikwa. Walipeleka yao, ikaeleweka.

Nina tahadhari mbili kwa msanii atakayejaribu. Kwanza, asiifanye Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa pambo. Hiyo ni lugha kamili yenye sarufi yake, tofauti na ile ya Marekani. Katiba ya 2010 inaitaka serikali iikuze, na katika Kifungu cha 120 imeifanya mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Anayetaka kuitumia aanze kwa kuketi na viziwi wenyewe, wawe wasanii wenza.

Pili, kamera ni jicho, na vijana wa Eastlands wanajua uchungu wa kutazamwa kwa shaka kwa sababu ya mavazi, mwendo au ishara zao. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kazi ya ishara inahitaji alama 21 tu za mkono. Haihitaji kuhifadhi sura ya mtu hata kwa sekunde moja. Programu iandikwe hivyo, na tangazo la Kiswahili libandikwe mlangoni kueleza kinachosomwa na kisichohifadhiwa.

Idara zetu za Kiswahili nazo zina wajibu. Tunawatuma wanafunzi mitaani wakusanye misimu na methali. Wakati umefika wa kuwatuma wakusanye ishara pia: nani huitumia, kwa nani, na kwa maana gani. Mashine hizi zinaweza kufunzwa ishara mpya zaidi ya zile saba, mradi kuwe na mifano ya kutosha ya kuzifunza. Mkusanyiko huo tusipouanza sisi, utaanzwa na mwingine, naye atazibatiza ishara zetu majina kama alivyofanya kwa vidole viwili.