Pumzi Inayobaki Wimbo Ukiisha

Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, mtu hujifunza kuigiza akiwa anaimba. Kabla hajajua kwamba uigizaji ni kazi, ameshakuwa askari wa Pilato mbele ya parokia nzima siku ya Ijumaa Kuu, au ameshacheza ngoma na kusema maneno mawili matatu kwenye mchezo wa Xaveri, chama cha vijana Wakatoliki kilichozaliwa Bukavu mwaka 1952. Waprotestanti nao wana kwaya zao, na kwaya ikialikwa kwenye konseti haiendi na nyimbo tupu. Kati ya wimbo na wimbo mlevi anaingia akiyumba, mkewe nyuma yake na sufuria tupu mkononi, watu wanaangua kicheko, kisha sauti ya kwanza inaanza tena na kumtafutia yule mlevi wokovu. Hiyo ndiyo teatre yetu. Haina pazia wala taa, na mara nyingi huchezwa mara moja tu, ikaisha.

Nataka kuisifu kwanza, maana tumezoea kuitaja kama burudani ya vijana wanaosubiri kupata shughuli ya maana. Mwanakwaya wa hapa ana mambo ambayo shule za maigizo huwafundisha watu kwa miaka. Anajua kuvuta pumzi kutoka chini ya mbavu. Anajua kusikiliza, kwa sababu besi haiwezi kuingia mahali pake kama haikuisikia teno. Anajua kwamba kuchelewa nusu ya pigo kunaharibu kazi ya watu wote. Tena amezoea watazamaji wasiotulia: watoto wamekaa chini hadi miguuni pake, mama mmoja anambembeleza mtoto, na mvua ya Butembo inapiga mabati. Chini ya mabati yale mtu hujifunza kuifikisha sauti ukuta wa mwisho bila kupiga kelele, na tofauti ya mambo hayo mawili ni somo zima.

Kisha wimbo unaisha, na hapo ndipo kazi nyingine inapoanza. Wimbo humbeba mwigizaji: humwambia aanze lini, aende kwa kasi gani, anyamaze wapi. Hata huzuni humkabidhi ikiwa imeshapimwa. Akipewa maneno makavu, bila kinanda wala ngoma, anatapatapa. Utamwona amesimama kifua mbele, anawatazama watu badala ya mwenzake. Anapandisha sauti mwisho wa kila sentensi kana kwamba kiitikio kinakuja. Mwenzake akisema, yeye anangoja zamu yake tu. Mwigizaji wa kazi humsikiliza mwenzake kana kwamba jibu halijulikani bado, ingawa wamelikariri pamoja kwa majuma. Anajua kwamba kimya kina urefu wake, na kwamba urefu huo hubadilika kila siku kufuatana na watu waliokuja. Kwangu mimi hilo ni gumu kuliko noti yoyote ya juu ya soprano.

Filamu ya Félicité ya Alain Gomis, iliyopata Tuzo Kuu ya Majaji mjini Berlin mwaka 2017, imenifundisha mengi juu ya hili. Véro Tshanda Beya anaigiza mwimbaji wa baa mjini Kinshasa ambaye mwanawe amepata ajali ya pikipiki, na pesa za upasuaji hazipo. Ilikuwa filamu yake ya kwanza. Sauti tunayoisikia anapoimba ni ya Muambuyi wa kundi la Kasaï Allstars. Lakini tazama shingo yake, mabega yake, tumbo lake: vinapumua palepale Muambuyi anapopumua. Na anaposhuka jukwaani akazunguka mji kudai madeni na kuomba msaada, bila wimbo wowote, pumzi ile haimwachi. Wanakwaya wetu wanayo tayari. Wanachohitaji ni mtu wa kuwaonyesha kwamba wanaweza kuibeba mpaka ndani ya mazungumzo ya kawaida.

Njia hiyo imekwisha kupitiwa na watu, tena karibu na sisi. Ukivuka mpaka wa Kasindi ukaenda hadi Kampala, utasikia bado habari za Jimmy Katumba na Ebonies. Walianza kama waimbaji. Wakaingiza maigizo, maigizo yakakua, wakawa kampuni ya kuigiza yenye mchezo kama The Dollar, yenye mfululizo wa televisheni wa That's Life Mwattu na jumba lake, Theatre La Bonita. Upande wa kusini, Lubumbashi, kundi la Mufwankolo lilicheza kwa Kiswahili cha Katanga redioni na kwenye televisheni. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alifuatana nalo lilipokuwa likitengeneza Le pouvoir se mange entier, mchezo uliotokana na methali juu ya utawala. Hawakuwa na karatasi ya maneno. Walikubaliana visa, wakagawana nafasi, kisha kila mmoja akayatafuta maneno yake katika mazoezi mpaka yakakaa. Naona hapo ustadi mkubwa, kwa kuwa maneno yaliyopatikana hivyo hayana budi kutoka kwa kumsikiliza mwenzako.

Hapa kwetu, pesa ya kuigiza ikipatikana, mara nyingi hutoka kwa mashirika. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, ugonjwa uliowaua zaidi ya watu 2,200, michezo ya kuhamasisha ilikuwa kazi ya maana na ya hatari, na waliokubali kuifanya wanastahili heshima. Ila mchezo ambao jibu lake limeandikwa kabla ya swali humzoesha mwigizaji kubeba ujumbe akamsahau mtu. Mgonjwa anakuwa mfano, mkaidi anakuwa mfano. Mtu halisi ana sababu zake, hata anapokosea, na mwigizaji analipwa ili azitafute sababu hizo.

Na kuna mauaji. Tangu Oktoba 2014 Beni na vijiji vyake havijapata amani ya kudumu, na mahali ambapo watu wanafunga milango jua likizama, hakuna wa kuuziwa tiketi ya usiku. Shule ya sanaa, Institut National des Arts, iko Kinshasa, na huko mtu wa Butembo haendi kwa barabara. Sitaki kusikia tena kwamba vijana hawa hawana bidii.

Kinachoweza kufanyika kesho ni kurudia. Mchezo uliochezwa Pasaka katika ukumbi wa parokia uchezwe tena Jumamosi inayofuata, saa nane mchana, kwa kiingilio cha franga chache zinazogawanywa kwa wachezaji, kisha upelekwe Beni, kilomita kama hamsini na kitu tu kutoka Butembo, barabara ikiruhusu. Mara ya pili utakuwa mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu msisimko wa sikukuu haupo. Mara ya tatu mlevi atatafuta kicheko kilekile, akikose, aanze kuongeza chumvi. Karibu na mara ya sita, akiwa na mtu wa kumkosoa kwa upole, ataacha kukitafuta, atamgeukia yule mke mwenye sufuria, na kwa mara ya kwanza atasikia anachoambiwa.