Chipukizi Lililoitwa Gugu

Pori la miombo la Unyamwezi hurudi kutoka chini ya ardhi. Mtundu, muba au myombo ukikatwa kwa shoka, shina huondoka lakini mzizi hubaki hai, na msimu ukigeuka kisiki hutoa machipukizi kumi, pengine ishirini, yanayokimbilia juu kwa akiba ambayo mzizi umeiweka kwa miaka. Kwa anayetaka kuwarudishia nyuki, ndege na palahala makazi yao kati ya Tabora na Urambo, kazi huanzia hapo. Katika miaka ya 1990, mashamba ya kuni ya mzunguko yalipopelekwa kwa wakulima wa tumbaku wa Tabora, akiba hiyo ilirukwa. Mti uliopewa nafasi ya mbele ukawa Acacia crassicarpa, mgunga wa Australia na Papua New Guinea. Uamuzi huo ulikuwa mbovu, na ubovu wake ni wa kiufundi kabla ya kuwa wa kitu kingine chochote.

Haki itolewe kwa ufupi: tatizo la kuni lilikuwa la kweli na watafiti wa kituo cha Tumbi na wenzao wa ICRAF, shirika la utafiti wa kilimo mseto, walilikabili. Tumbaku ya mvuke haikauki bila kuni, na kila bani la kukaushia hula pori. Miche ilipandwa pamoja na mahindi kwa miaka miwili au mitatu, ikaachwa ijifunge, ikakatwa karibu na mwaka wa tano, kisha mahindi yakarudi. Mgunga huo ulikua haraka hata kwenye mchanga wa Tabora, na kuni zilipatikana.

Kasoro hujitokeza siku ya kukata. Acacia crassicarpa ni mti usiochipua vizuri ukishakatwa chini. Baada ya mavuno shamba hubaki na visiki vinavyooza, na mkulima hurudi mwanzo kabisa: atafute mbegu, ajaze viriba, ainue kitalu mahali penye maji katika mkoa ambao kiangazi chake hukausha visima, kisha asubiri mvua apande upya. Gharama hiyo hujirudia kila mzunguko. Kwenye ardhi hiyohiyo, mara nyingi hatua chache tu kutoka kwenye mstari wa miche, palikuwa na kisiki cha muba kilichokwisha kulipiwa na mvua za miaka thelathini. Kilipochipua, palizi ya mahindi ilikifyeka. Katika hesabu za shamba la kuni, mche wa kitaluni uliandikwa mti, na chipukizi la muba likahesabiwa gugu. Hapo ndipo mchezo ulipopotea.

Kisingizio kinachosikika kila msimu ni kwamba miti ya asili haikui. Kisingizio hicho hutokana na kupima kitu kisicho sahihi. Mninga uliooteshwa kwa mbegu hukauka sehemu ya juu kila kiangazi, kwa miaka kadhaa mfululizo, huku mzizi ukinenepa chini. Anayeutazama kwa rula huona kijiti kimoja kilekile kikifa na kurudi. Ukiwekwa kwenye kiriba, mzizi huo mrefu hugonga chini na kujikunja, na mche hupelekwa shambani ukiwa kilema tayari. Kwa hiyo mbio za kitaluni, ambako mgunga wa Australia hushinda kirahisi, ni mbio zilizopangiwa mshindi. Chipukizi la kisiki halina haja ya kushiriki, kwa kuwa mzizi wake umekwisha kumaliza miaka hiyo ya polepole.

Hasara nyingine haikuingia katika jedwali la kuni. Mvua zinapoanza, uyoga wa porini huuzwa kando ya barabara za Tabora, mwingine wa manjano, mwingine mwekundu, umerundikwa kwenye beseni na vumbi la majani bado limeshikamana nao. Sehemu kubwa ya uyoga huo huishi kwa kushikana na mizizi ya mitundu na jamaa zake. Mistari ya miche ya kigeni haiuleti. Asali ya Tabora nayo hutegemea maua ya miti hiyohiyo. Wafugaji nyuki, ni kweli, si malaika katika jambo hili: mzinga wa magome hupatikana kwa kuchuna mti mzima kuzunguka shina, na mti uliochunwa hivyo hufa umesimama. Hata hivyo mfugaji nyuki akibadili mzinga, pori hubaki. Aliyebadili pori hana kitu cha kubadili tena.

Wapo wanaojibu kwamba hata miembe ya Tabora ni ya kigeni. Ndiyo, mwembe ulitoka Asia, ukasambaa bara na misafara iliyovuka pori la Mgunda Mkali kuja Unyanyembe, eneo la Tabora, na leo ua la mtaa wa Ng'ambo bila mwembe huonekana kama halijakamilika. Lakini mwembe ulipandwa uani na njiani kwa ajili ya kivuli na tunda. Hakuna aliyeuita msitu.

Kipimo kizuri zaidi kiko jirani, nacho ni cha zamani. Wasukuma walikuwa na ngitili: kipande cha malisho kinachofungwa mvua zikianza na kufunguliwa kiangazi kikikaza, miti na nyasi vikiwa vimepumzika. Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ilizitenga familia na ngitili zao, na nyingi zikafa. Mradi wa hifadhi ya ardhi wa HASHI ulioanza Shinyanga mwaka 1986 nao ulianza na ugonjwa uleule wa vitalu na miche ya kigeni, lakini ulikuwa na busara ya kugeuka. Wazee ndio waliojua dawa: fungeni eneo, mtaona. Dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, ikaweka kanuni na faini, na sungusungu, walinzi wa jadi, wakalinda. Ngitili zilizorekodiwa zilikuwa takribani hekta 600 mwaka 1986. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zilipita hekta 300,000. Dawa ya wazee wale haikuhitaji kiriba hata kimoja.

Dodoma, kwenye ukame zaidi kuliko Tabora, shirika la LEAD Foundation hufundisha mbinu ya namna hiyo kwa jina linalojieleza: Kisiki Hai. Mkulima hupogoa machipukizi, huacha machache yaliyonyooka, huyawekea alama ili mchungaji na mpalizi wayaone, kisha huyalinda.

Kwa miombo ya Tabora kazi hiyo ina mambo mawili yasiyosamehe. La kwanza ni shoka: kisiki kikatwe chini, kwa mteremko, gome lisichanike, na machipukizi yapunguzwe hadi mawili au matatu mapema, kabla hayajanyang'anyana mwanga. La pili ni moto. Moto wa Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, hupita juujuu. Wa Septemba na Oktoba hukuta majani mapya mekundu ya miombo yakichanua na kuyaunguza pamoja na chipukizi lote. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imevipa vijiji uwezo wa kutenga msitu wao na kutunga sheria ndogo, kwa hiyo kuulinda dhidi ya moto wa Septemba ni suala la mkutano mkuu wa kijiji, wala halihitaji mfadhili.

Anayeandaa shamba Uyui au Sikonge msimu huu ahesabu visiki kwanza, ndipo aulize bei ya viriba.